Mama Mkubwa Anataka Mvuke

Kituo cha maji, 5 Machi

Mdogo wangu Kalamu,

Salamu zako zililetwa na dereva wa gari la maji zikiwa zimelowa, sijui alizikalia au alizinywa. Simu ya kituoni tangu nguzo ianguke imebaki pambo la mezani, na hata ingekuwa nzima, masikio yangu unayajua, filimbi ya mvuke iliyamaliza zamani. Kwa hiyo nakuandikia, tena kwa haraka, dereva keshaanza kupiga honi.

Habari mbaya ni kwamba Mama Mkubwa amepooza. Upande wa kulia ukimgusa utaungua, upande wa kushoto ni baridi kama ukuta. Anakoroma, ananyamaza, anakoroma tena. Juzi alitapika mpaka mlangoni. Wazee wa kamati walikuja wakamzunguka, wakatikisa vichwa, mmoja akasema aliyefikia hali hii aachwe tu apumzike. Nusura nimtoe nje kwa mkono. Mimi sikubali, Kalamu, lakini nimejaribu yote ninayoyajua na akili imegota. Wewe uliyesoma, niambie nianzie wapi.

Kaka yako,
Nyundo


Ofisi ya michoro, 9 Machi

Kaka Nyundo,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikairudia nimekaa sakafuni. Yaani unaanza na dereva na honi, kisha ndiyo unaniambia Mama Mkubwa amepooza? Lini? Anaongea? Anakula? Daktari amesema nini? Na hao wazee wa kamati waliingiaje chumbani kwa mwanamke mgonjwa kumzunguka? Sielewi mbele wala nyuma.

Mama alipofariki sisi hata kufunga kamba za viatu tulikuwa hatujui. Dada yake huyu ndiye aliyetuchukua. Alikuwa akifua mashuka ya hospitali kutwa kucha kwenye ule mvuke wa chumba cha kufulia, na kila asubuhi kabla ya kazi anatuvusha barabara ya malori twende shule, wewe mkono wa kulia, mimi mkono wa kushoto. Sasa unaniambia ni upande wa kushoto uliopoa. Huo ndio ulikuwa mkono wangu, Kaka.

Nimelia mbele ya bosi na watu wote. Amenishika bega akaniambia niende, kazi itasubiri. Natanguliza shali ya sufu kwa dereva, mfunikeni nayo ule upande wa baridi. Jumamosi napanda basi.

Mwambie nakuja. Hata kama hasikii, mwambie.

Mdogo wako,
Kalamu


Kituo cha maji, 12 Machi

Kalamu, usipande basi.

Mama Mkubwa ni mtambo. Ni pipa letu la kuchemshia maji ya kisima. Vijana wa kuni walilipa jina hilo baada ya wewe kuondoka, kwa sababu ni nene, lina kelele, na likiudhiwa linafoka mvuke. Wakaliandika na rangi ubavuni, na tangu siku hiyo hakuna anayeliita pipa. Nilidhani nilishakuambia. Wifi yako anasema sikukuambia, na wifi yako katika mambo haya hakosei. Alichotapika ni maji ya chumvi. Upande wa kushoto ni lile bomba la kushoto la kupozea mvuke.

Mama Mkubwa wa damu ni mzima kabisa. Lilipofunguliwa furushi lenye shali aliuliza nani amekufa. Wifi yako akamsomea barua yako yote. Mama Mkubwa akainuka, akauzunguka ua mzima kwa miguu huku akirusha mikono, ili watu washuhudie kwamba hajapooza popote. Shali haivui, na jua hili. Nilimwambia tutalifuta jina lake kwenye pipa, akakataa. Anasema katika ua huu pipa ndilo peke yake linalofanya kazi kama yeye.

Sasa nijibu la mtambo. Kuni zinatushinda. Tukishindwa kuchemsha, watu watarudi kunywa maji ya kisima kama yalivyo, na hayo unayajua, chai yake haihitaji hata kuonjwa ujue imeharibika.

Kaka yako,
Nyundo


Ofisi ya michoro, 17 Machi

Kaka,

Dereva alinikuta mguu mmoja uko ndani ya basi. Nilisoma barua pale pale mlangoni, kondakta akinisukuma, na mpaka sasa sijui kama nilicheka au nililia. Niliporudi kazini bosi akaniuliza hali ya mgonjwa. Ningeweza kusema hajambo, basi. Lakini mimi ni mjinga wa kusema kweli, nikamwambia mgonjwa ni pipa. Ofisi nzima ilivunjika mbavu. Siku hizi kila anayepita mezani kwangu anauliza kama mama yangu mkubwa ameshashika kutu.

Tuje kwenye mtambo. Bomba la kushoto limejaa ukoko wa chumvi, kama ukoko wa sufuria. Lifungueni, mlipige ubavuni kwa nyundo ya mbao, msikilize palipoziba, kisha mlimwagie siki ya moto, ikae humo mpaka jioni.

Lakini hilo ni dogo. Nimekaa nikawaza hizo kuni mnazolia. Mvuke ukipita bombani, ndani ya tangi la maji baridi, unapoa na kuwa maji safi ya kunywa. Sawa. Je, lile joto lake limekwenda wapi? Limeingia kwenye maji ya tangi. Na nyinyi maji ya tangi yakishapata moto mnayafanyaje? Mnayamwaga mtaroni, mnajaza mengine ya baridi. Hapo mnamwaga kuni zenu, Kaka. Nimekuchorea namna nyingine. Maji ya kisima yapitie kwanza kwenye tangi hilo, yaupoze mvuke, na yakishapata moto wake ndiyo yaingie kwenye pipa. Yatafika yakiwa yameshakwenda nusu ya safari, na moto wenu utamalizia tu. Joto lile lile mtalitumia mara mbili.

Na tuwekeane utaratibu, maana moyo wangu hauwezi kupitia haya tena. Kama Mama Mkubwa wa damu hataki jina lifutwe, basi kwenye barua zetu Mama Mkubwa ni mtambo. Yeye mwenyewe tumwandike Mama, hivyo tu. Marehemu mama yetu hatakasirika, alikuwa akimwachia dada yake kila kitu.

Kalamu


Kituo cha maji, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Nilibisha mchoro wako wiki nzima kisha nikaufuata, usimwambie mtu. Mama Mkubwa amepona pande zote mbili. Maji yanaingia pipani yakiwa ya moto hata mkono hauvumilii, na yanachemka kabla kijana hajamaliza kupanga kuni. Rundo tulilozoea kulimaliza haraka sasa linakaa mpaka panya wanazaliana ndani yake. Yule mzee wa kamati aliyetaka aachwe apumzike ndiye anayeleta wageni kumwona, na anaeleza mambo ya joto kama amechora yeye.

Mama naye alikuja na shali yake. Akaweka kiganja juu ya bomba, akakaa hivyo muda mrefu, akasema laiti na yeye angepitishwa humu, huenda joto alilolipoteza kule hospitali lingerudi. Tulicheka. Anauliza utakuja lini. Nimemwambia mtambo umeshapona, sioni tena sababu ya wewe kuja.

Nyundo


Nyumbani, kituo cha maji, 20 Aprili

Wifi yangu,

Nakuandikia mimi kwa sababu kaka yako mikono inamtetemeka, kalamu haishikiki. Mama Mkubwa amepooza. Ni upande wa kushoto wote. Jana asubuhi alikuwa mzima, hana dalili, mara akalegea. Mdomo umekwenda upande, tukimpa maji yanamwagikia nje. Anatoa sauti lakini haieleweki. Tumehangaika naye tangu jana na kazi zote zimesimama. Kaka yako amekaa ubavuni pake haondoki, hata chakula hagusi.

Sisi huku hatujui tushike lipi tuache lipi. Wewe una akili ya kutulia. Tuambie tufanye nini, na kama inawezekana, njoo.

Wifi yako


Ofisi ya michoro, 24 Aprili

Wifi mpenzi,

Poleni, na mwambie Kaka aache kutetemeka. Ugonjwa huu tunaujua, ni ule ule wa upande wa kushoto, ni ukoko tu. Mimi niliusubiri urudi, ila si mapema hivi.

Mpumzisheni kabisa, msimwashie moto. Mdomo uliokwenda upande urudisheni kwa koleo, polepole, msije mkaupasua. Mpigepigeni ubavuni kwa nyundo ya mbao, na mtakaposikia sauti nzito, hapo ndipo palipoziba. Kisha siki ya moto, nusu ndoo, mmiminieni kwa juu, aishike mpaka jioni. Sauti anayotoa ni hewa, isiwatishe. Wala msimhurumie kupita kiasi, wifi. Ni mzee, ametumika sana, hakuna cha kudumu. Akigoma kabisa tutamkata vipande, shaba yake ina wanunuzi, na mimi nimeshachora mwingine mwembamba asiye na kelele.

Mama hajambo? Nisalimie sana. Mwambie nimemkumbuka na mwezi wa saba nitakuja kumwona.

Wifi yako,
Kalamu


Kituo cha maji, 28 Aprili

Kalamu,

Ni Mama Mkubwa wa damu. Ni yeye, Mama, si pipa. Pipa ni zima, tumelizima tu kwa kuwa hatuna moyo wa kuliwasha.

Ule utaratibu wetu sikumwambia mke wangu. Nilidhani ni wetu sisi wawili, na ona. Barua yako alimsomea mgonjwa kwa sauti, pale kitandani, kwa sababu tulipotaja jina lako aligeuza macho. Kwenye koleo wifi yako akasita. Kwenye nyundo akanitazama. Kwenye siki machozi yakaanza kumtoka, lakini hakuacha, unamjua, akianza jambo lazima alimalize. Alipofika kwenye kukatwa vipande Mama akatoa sauti moja ya ajabu, nusu ya uso ikawa inatikisika na nusu imetulia. Wifi yako anasema alilia. Mimi nasema alicheka. Tunabishana mpaka leo na yeye mwenyewe hawezi kutuamulia. Halafu zikaja salamu za Mama, wifi yako akaniuliza ni mama gani, yule wa makaburini? Akadhani akili imekuhama. Ikabidi nimweleze yote, na tangu hapo hasemi nami vizuri.

Daktari wa zahanati anasema huenda akapata nguvu, huenda asipate, tusubiri. Kusubiri nitaweza. Nisichoweza ni hili neno. Ana neno moja tu, na hilo analisema wazi, hata mimi nalisikia kwa sikio langu hili bovu: mvuke. Asubuhi mvuke, mchana mvuke. Nilimwuliza, unamtaka Kalamu? Akasema mvuke. Nimwite daktari? Mvuke. Ndiyo maana sikuiti uje haraka. Sitakuficha, hajamtaja mtu yeyote, wala mimi. Nadhani mawazo yake yamerudi kule kwenye chumba cha kufulia, anaona baridi, analitaka lile joto. Kama unaweza kunichorea namna ya kumletea mvuke mpaka chumbani, hicho ndicho anachotaka.

Kaka yako,
Nyundo


Ofisi ya michoro, 3 Mei

Kaka,

Sijui nianze kuomba radhi wapi. Nilisema akatwe vipande. Nilisema shaba yake ina wanunuzi. Nimeandika hayo nikinywa chai, nikijiona mcheshi. Mwambie wifi anisamehe, na wewe nisamehe, na yeye, kama alilia, mwambieni lilikuwa pipa. Kama alicheka pia mwambieni.

Nilikwenda kwa bosi siku ile ile. Nikamwambia Mama Mkubwa amepooza. Akacheka mpaka akafuta miwani, akaniambia nimpake grisi. Nikamwambia safari hii ni mtu. Akasema hata safari ile nilisema ni mtu. Wenzangu wakawa wanacheka chini kwa chini na mimi nimesimama pale kama mwizi. Ningeweza kuondoka bila ruhusa. Nilitaka. Lakini nikarudi mezani nikaisoma barua yako tena, pale uliposema hajamtaja mtu, na sikuinuka tena. Nilikuwa najua, Kaka, bila mtu kuniambia, kwamba siku akiugua ataniita mimi. Sasa ameita mvuke. Najua mgonjwa hachagui maneno, lakini limeniuma, acha niseme tu.

Basi nimechora, maana hilo ndilo ninaloweza. Usimpelekee mvuke wenyewe, utamuunguza. Yale maji ya moto yanayotoka kwenye tangi la kupozea, kabla hayajaingia pipani, yapitishe kwenye bomba jembamba kupitia ukuta wa chumba chake, chini ya kitanda, kisha yarudi pipani. Chumba kitachukua joto kidogo, pipa litachukua lililobaki. Ndoo moja itolewe pembeni kwa kumwogeshea na kumkandia ule mkono. Washeni mtambo, watu pia wana kiu.

Mkandeni vizuri, mkono wa kushoto.

Kalamu


Kituo cha maji, 14 Mei

Mdogo wangu,

Bomba limefika. Nimelipitisha kama ulivyochora, na ukiingia chumbani kwake sasa utadhani umeingia jikoni. Wifi yako anamkanda na maji ya moto asubuhi na jioni, na vidole viwili vimeanza kucheza. Daktari mwenyewe alikuja akakaa zaidi ya muda wake, nadhani kwa ajili ya joto.

Lakini sielewi, Kalamu. Mvuke tumempa na bado anaudai. Nilimbeba mpaka mlangoni nikamwonyesha mtambo unavyofoka, nikamwambia, huo hapo, Mama, wote wako. Akaukunjia uso. Nikamrudisha kitandani, nikamwekea kiganja kwenye bomba, akakiondoa. Kisha akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima, wa kulia, akanibana mpaka ikaniuma, akasema, haya, mvuke. Nikasema ndiyo, Mama, upo. Akageuka kushoto kuangalia kule ambako hakuna mtu, ni ukuta tu na shali yako imetundikwa. Akanigeukia tena. Haya, mvuke. Mimi nimekaa tu. Akapiga godoro kwa hasira, machozi yakamtoka jicho moja.

Wifi yako anasema labda bomba linavuja upande ule. Nimelikagua lote, halivuji. Labda joto halitoshi, au limezidi. Nimebaki kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ngeni na anatakiwa ajibu papo hapo. Nisaidie.

Nyundo


Ofisi ya michoro, 18 Mei

Kaka,

Funga bomba ukitaka, au liache. Hajaomba mvuke hata siku moja.

Kumbuka barabara ya malori. Kumbuka alivyokuwa anasimama ukingoni na sisi, anaangalia huku, anaangalia kule, na barabara ikiwa tupu anasemaje? Haya, mvuke. Halafu anatuachia mikono, tunakimbia, na yeye anabaki upande wake mpaka aone tumeingia geti la shule. Kila asubuhi, Kaka, miaka yote ile, na wewe na mimi tumelisahau kwa sababu siku hizi kwetu sisi mvuke ni kitu cha kupitisha kwenye bomba.

Lisikilize neno lenyewe. Angekuwa anakuambia wewe peke yako angesema uvuke. Anasema mvuke. Ni neno la watu wawili. Amekushika wewe kwa mkono wa kulia na anautafuta wa pili, hauoni, na hawezi kujua kama haupo kwa sababu mtoto hayupo au kwa sababu mkono wenyewe umekufa. Ndiyo maana analia. Anadhani amempoteza mmoja katikati ya malori.

Na mimi nilikaa hapa nimenuna kwamba hajaniita. Alikuwa akiniita kutwa nzima, na mimi nikamletea bomba.

Naondoka kesho. Bosi nimemwachia barua mezani, aamini asiamini. Dereva wa gari la maji atanitangulia na hii. Ukiipata usisubiri, ingia chumbani, ukae upande wa kushoto, ushike ule mkono uliopooza, umwambie ni wangu. Mwambie asituvushe bado. Mmoja hajafika.

Kalamu


Kituo cha maji, 9 Juni

Mdogo wangu,

Tangu umerudi kazini nyumba imekuwa kubwa mno. Wifi yako amenisamehe, hilo ulijue, ila kila akiona siki dukani ananitazama.

Bado najiuliza tulifanya nini siku ile. Wewe umeingia na vumbi lote la safari, hukunawa, ukakaa kushoto, mimi nimekaa kulia. Akaangalia huku, akaangalia kule, polepole, kama aliyekuwa anasubiri lori refu limalizike kupita. Akasema, haya, mvuke. Na mimi na wewe, watu wazima, mimi na mvi zangu, tukainuka tukavuka chumba mpaka mlangoni. Sijui nani alianza. Nilipogeuka kumwangalia alikuwa ameegemea mto wake na uso umetulia pande zote mbili, au mimi niliona hivyo. Mtu angepita angetuona vichaa watatu.

Neno lile hajalisema tena tangu siku hiyo. Alikuwa kimya kabisa, na mimi nikaanza kuogopa kwamba lilikuwa la mwisho. Chumba bado kina joto, mtambo unakwenda vizuri, mkono unakandwa. Vidole sasa vinashika kijiko kwa sekunde kadhaa kabla ya kukiangusha, na wifi yako anakiokota bila kuchoka.

Jana jioni, wakati ambao watoto wa shule wanarudi na kelele zao zinasikika ng'ambo ya ukuta, aligeuza kichwa kuelekea mlangoni akasema neno jipya. Alisema, rudini. Nikamwambia, Mama, mimi nipo, sijaenda popote. Akanitazama kama anayetazama mtu mwenye akili pungufu, akarudia, rudini.

Safari hii sikukimbilia bomba. Mwonyeshe bosi wako barua hii.

Kaka yako,
Nyundo